Pombe ya Shamba la Mama

Kabla hakujapambazuka niliisikia ikinong'ona jikoni, pwi, pwi, pwi, kama mtu anayecheka kafunga mdomo. Pombe ya ulezi ilikuwa imeiva. Ikiiva Jumamosi inanywewa Jumamosi. Jumapili ni siki.

Mama yangu, Adela, aliipika ili kualika watu shambani. Mvua zilikuwa zinaaga. Hapa kijijini Kate tunafukia nyasi zingali mbichi na udongo ungali laini, tunazifunika kwa vilima vinavyoitwa intumba, zinaoza humo, na msimu unaofuata tunavisambaza na kupanda ulezi. Ukichelewa, ardhi inakuwa jiwe. Bila intumba hakuna ulezi, na mama ni mjane. Shamba lile haliwezi peke yake, wala mimi naye hatuliwezi.

Majirani walifika na majembe yao. Hawajaingia shambani, pikapu ikafunga breki uani. Akashuka baba mkubwa Nestory, kaka wa marehemu baba, suti mpya, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Shemeji, niokoe! Leo tunamsherehekea mwanangu Basil, kamaliza chuo. Wageni wameshatoka Sumbawanga mjini, na pombe yangu imechacha. Nipe hii."

"Na shamba, shemeji?" mama akauliza.

"Shamba litakimbilia wapi? Kesho lipo, keshokutwa lipo. Msomi wa kwanza wa ukoo hapatikani kila siku."

"Udongo unakauka, baba mkubwa," nikasema.

Akanigeukia akitabasamu. "Yusto! Wewe nimekuwekea kipaza sauti. Utaghani lile shairi la ukoo mbele ya wageni wote. Au unataka kuendelea kuwaghania mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Moyo wangu uliruka, sitaficha. Nilijifunza mizani na vina peke yangu, sikufundishwa na mtu, na sikuwahi kushika kipaza sauti. Shairi lile la kuusifu ukoo nililitunga mwenyewe, nililijua hata usingizini.

Nikamtazama mama. "Kataa," nikamwambia.

"Ni kaka wa baba yako," akajibu, akaenda kufungua jiko.

Mitungi ikapakiwa. Watu wakatazama shamba, wakatazama pikapu. Mshikaji wangu Fabiani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuegemeza jembe lake kwenye uzio.

"Usinune, kaka. Jembe halinywi. Mimi nakunywa."

Wakaifuata pombe wote, mpaka wazee. Majembe yakabaki yamepanga mstari kwenye uzio.

Nikachukua langu, mama akachukua lake.

"Wewe nenda," akasema. "Watakuita."

"Na waite."

Mchana sauti ya kipaza ikavuka bonde: "Yusto! Mshairi wetu Yusto yuko wapi?" Ikarudia. Kisha wakachoka, wakapiga muziki. Nilikaza meno nikapindua nyasi, na kila pigo la jembe liliangukia kwenye mizani ya shairi lile, nipende nisipende. Mama hakuinua uso. Nilitamani alie. Hakulia.

Jioni intumba zetu zilikuwa kwenye kona moja tu, kama chunjua kwenye uso mpana. Kwingine kote nyasi zilisimama, zimeanza kuwa njano. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kudanganyia.

Walirudi kuchukua majembe, wakiyumba. Baba mkubwa alikuja nao, ananuka pombe yetu.

"Umenidhalilisha mbele ya wageni! Kijana gani anaacha jambo la ukoo kwa ajili ya majani?"

"Pombe uliyokunywa leo ilitoka kwenye majani haya."

"Yusto, nyamaza," mama akasema.

"Leo sinyamazi, mama." Nikasimama mbele yake baba mkubwa, udongo hadi magotini. Fabiani aliinamisha kichwa, akajifanya anakagua mpini.

"Shairi lako lipo, baba mkubwa, halijapotea. Basil atataka kuoa, nawe utakuja hapa na debe tupu kuomba ulezi wa pombe, kama unavyokuja kila mwaka. Siku hiyo ulezi hutaukuta; nitakusimamisha pale, katikati ya magugu, nikughanie lote, ubeti kwa ubeti, bila kipaza sauti. Nakuahidi."