Mti Uliojaa Unga

Mzee Karsono alishuka melini kisiwani Seram akiwa na gunia la mchele begani, na hakukubali mtu amsaidie kulibeba.

"Baba, hata huku mchele upo," Wiji, bintiye, alimwambia.

"Upo wa dukani. Huu nimeulima mwenyewe."

Kwao Java alikuwa amelima mpunga tangu utotoni. Mkewe alipofariki, Wiji akalia kwenye simu hadi mzee akalegea, akamwachia mdogo wake Darmaji mashamba, akaja kuishi kwa mkwewe Rustam, kwenye kijiji kilichobanwa kati ya mlima na bahari.

Jioni ile ya kwanza Nurbaya, mama yake Rustam, aliweka bakuli kubwa katikati ya mkeka. Ndani yake mlikuwa na kitu kizito, kinachong'aa, kinachovutika kama ulimbo. Papeda. Kando yake ulikuwa mchuzi wa jodari, wa manjano kwa bizari.

Karsono alikitazama kwa muda. "Kwetu, uji wa namna hii watoto wanabandikia tiara."

"Basi kula, mkwe," Nurbaya akasema, "utumbo wako nao ubandikwe usipeperuke."

Alitia mdomoni, akatafuna. Kikamteleza huku, kikamteleza kule, kikamning'inia kwenye masharubu. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Haitafunwi hiyo! Inamezwa!"

"Kisichotafunwa si chakula," mzee akajibu, akajifuta. "Ni dawa."

Tangu siku hiyo Wiji akawa anampikia baba yake wali peke yake, kwenye kisufuria kidogo.

Kisha mvua zikaja. Mlima ukaporomoka, ukaziba barabara, na bahari ikachafuka hata vyombo vikaacha kutia nanga. Duka la kijiji likabaki na sabuni na viberiti. Gunia la Karsono likanywea, na asubuhi moja akalikung'uta, zikaanguka punje chache tu. Alipokaribishwa papeda akasema ameshiba, akala ndizi ya kuchemsha.

Njaa aliijua. Alikuwa mtoto alipomwona mama yake akipima mchele kwa kikombe, akirudisha nusu ndani ya mtungi, huku mpunga ukiwa bado mbichi shambani. Kwa hiyo alipomwona Nurbaya akiukwangua unga wa mwisho kwenye chungu chake huku akiimba, alishindwa kujizuia.

"Mkwe, chakula kimekwisha, nawe unaimba?"

"Kikiisha tunakwenda kukichukua."

"Wapi?"

"Kulekule kiliko." Akafunga kilemba. "Twende basi, kama umechoka kuhesabu matone ya mvua."

Wakaenda, wao na Rustam na majirani kadhaa, hadi bondeni nyuma ya kijiji. Matope yalifika magotini. Misagu, miti ya jamii ya mnazi, ilisimama imesongamana, minene, makuti yake yamefunika mbingu. Rustam alipita akigonga shina hili na lile. Penye mmoja alitoboa kwa panga, akachomoa kipande, akatafuna.

"Huu. Unakaribia kutoa maua. Ukishatoa umetuibia unga."

Mti ulianguka kwa kishindo kilichorusha ndege wote wa bonde. Wakalipasua gogo kwa urefu, wakabandua gamba, na Karsono akasogea karibu. Alitegemea kuona mbao. Akaona nyama nyeupe yenye wekundu kwa mbali, yenye unyevu, kuanzia mzizini hadi kileleni. Akaigusa. Vidole vikatoka na unga.

"Huu wote?" akauliza.

"Wote, Baba," Rustam akasema.

Wanaume wakaketi juu ya gogo, wakaanza kuichimba nyama hiyo kwa vifaa kama tezo. Nurbaya alikuwa ametengeneza mfereji kwa kikonyo cha kuti la msagu huohuo, kipana kama mtumbwi, akaziba mwisho wake kwa nyuzi za kumbi la nazi. Akatia machicha yaliyochimbwa, akamwaga maji, akakanda na kukamua kama mtu achujaye tui. Maji yakapita meupe kama maziwa, yakatuama. Baadaye aliyamwaga taratibu. Chini ulibaki wanga, mzito, safi. Karsono aliubonyeza kwa dole gumba, alama ikabaki.

"Mkwe, nani aliupanda mti huu?"

"Tuliukuta."

"Palizi nani alipalilia?"

"Palizi ya nini?"

"Maji mnagombania na nani?"

Nurbaya akayatazama matope waliyosimama ndani yake, akacheka hadi akashika kiuno. "Mkwe! Unataka nikuazime?"

"Na panya je?"

"Panya ameze gogo?"

Karsono hakucheka. Kando ya kisiki aliona vichipukizi vya msagu, kimoja kimefika kifuani mwake, vimekwisha kujipanga kuchukua nafasi ya mzazi wao. Akaketi juu ya gogo. Aliufikiria mgongo wake, na mgongo wa baba yake uliopinda usinyooke hata kaburini. Hakuona wivu. Aliona alichokiona siku alipoingia msikiti mkuu wa mjini akiwa mtoto, akainua macho asiuone mwisho wa paa.

"Subhanallah," akasema polepole. "Na sisi tulidhani Mungu ana njia moja tu ya kulisha watu."

Kisha akaomba tezo. Rustam akamwambia apumzike, akakataa. Alichimba vibaya mwanzoni, baadaye vizuri, akatoka bondeni mweupe hadi nyusi.

Nyumbani Nurbaya alimwita jikoni. "Njoo uone, mkulima." Alikuwa amekoroga wanga kwa maji baridi, ukawa kama chokaa. Akamimina maji ya moto huku akisonga kwa mwiko. Weupe ukazunguka, ukazunguka, mara ukatoweka! Bakuli zima likawa kama kioo kilicholainika. Karsono akashika ukingo wa meza.

"Fanya tena."

"Nifanye tena? Kwanza kula hii!"

Akaizungusha papeda kwa vijiti viwili, akaidondosha kwenye sahani ya mchuzi. "Mdomo sahanini. Vuta. Usibishane nayo."

Akavuta. Ikapita na ndimu, na pilipili, na harufu ya mrehani, ikashuka ya moto hadi tumboni.

"Imepita?" Wiji akauliza.

"Imepita. Hata haikuaga." Akasukuma sahani mbele. "Ongeza."

Barabara ilipofunguliwa mchele ukaja, naye akafurahi, kwa kuwa mtu haachi kilichomlea. Mchana alikula wali, jioni papeda. Siku hiyo alimpigia simu Darmaji.

"Huku wana mti," akamwambia, "ukiupasua, ndani umejaa unga."

"Unga gani?"

"Chakula. Gogo zima. Na hakuna aliyeulima."

"Kaka, una homa?"

Karsono alitaka kumweleza bonde, maji meupe, vichipukizi.

"Darmaji," akasema mwishowe, "njoo. Hili haliingii kwenye simu."