Omer Asalimia Bodi

Omer alikata kwato za mbuzi tangu nchini kwao, huko Fizi, na alipofika ughaibuni, mji wa Cedar Hill, akaendelea. Mwaka 2018 bodi inayotoa leseni za tiba ya mifugo ikamwandikia: aje ajieleze, la sivyo aweke kisu chini. Mshahara wake wa usafi hotelini, mji wa Euless, haulishi watoto watano.

Mimi rafiki yake nikamwambia, "Ndugu Omer, hawa niachie mimi."

Sheria nimeisoma maktaba, bila mwalimu. Na sisahau. Mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa ya nchi hii iliwaambia madaktari wa meno: bodi ya wafanyabiashara haiwezi kuwafungia washindani wao mlango bila serikali kuisimamia kwelikweli. Shida ilikuwa kuthibitisha kwamba hawa wa bodi nao ni wafanyabiashara wa kwato. Niliandika hotuba ya kurasa kumi na moja.

Siku ya kikao bodi ikatupa dakika tatu.

Sasa Omer, mtoto wa watu, hakai kabla hajasalimia kila mtu. Akaanza kuzunguka meza, mkono mbele, na Kiingereza chake cha kuokoteza, Kifaransa kikichomoza humo.

"Bonjour, papa. Nyumbani hawajambo? Unafanya kazi gani?"

"Nina kliniki ya mifugo," akajibu mwenyekiti, kwa mshangao. "Hapo Cedar Hill."

"Ah, jirani! Kwato unakata?"

"Dola sitini kwa mbuzi."

"Sitini! Mimi ishirini. Pole, papa."

Wa pili kwato. Wa tatu kwato, na kondoo juu. Mimi jasho linanitoka: "Omer, kaa! Dakika zinakwisha!"

"Nikae sijasalimia? Mi si mbuzi."

Mwisho wa meza alikuwa mwanasheria wa serikali.

"Na wewe, mama?"

"Ninaisimamia bodi."

"Félicitations, hongera! Unaisimamiaje?"

"Natia sahihi maamuzi yao."

"Unasoma kwanza?"

Mama akatazama dari. Kisha akatazama kinasa sauti, kilichokuwa kikiwaka taa nyekundu muda wote. Ndipo na mimi nikakiona: kila kwato na kila bei waliyoitaja imo humo. Nikakunja kurasa zangu kumi na moja, nikazikalia.

"Dakika tatu zimekwisha," akasema mwenyekiti, kwa furaha.

"Zimetosha," akasema mama, akifunga faili. "Bila sahihi yangu hakuna katazo. Na hili sisaini. Bwana Omer, nenda kafanye kazi."

Omer akageuka kuaga, mkono mbele, aanze upya kwa mwenyekiti.

Bodi nzima ikaficha mikono chini ya meza.