Karatasi Tupu ya Mwajabu

Watu husema ndoto ya mchana ni ya shibe, haina maana, mtu amekula ugali ukamzidi. Basi na wajue kwamba Zaituni binti Mrisho siku ile alijilaza bila kutia kitu tumboni, jua likiwa la utosini, na hasira zake, na alichokiota hakikutoka kwenye sufuria ya mtu.

Asubuhi walikuja wageni wa maonyesho, wanaotafuta mafundi wa kuwaandikisha. Zaituni na mdogo wake Mwajabu hutengeneza vitambaa vya batiki uani kwao, Morogoro, na kazi wameigawana tangu mwanzo: Mwajabu huyeyusha nta na kuchora nayo kwenye kitambaa cheupe, kisha Zaituni hukitumbukiza kitambaa kwenye beseni la rangi. Pale nta ilipopita rangi haiingii, na nta ikishachemshwa ikatoka, ndege na majani ya Mwajabu hubaki meupe katikati ya bluu ya Zaituni. Wageni walivishika, wakavigeuzageuza, wakavipenda. Mama mmoja mwenye miwani akauliza, "Fundi hapa ni nani?"

"Ni mimi," Zaituni akasema.

"Na huyu dada?"

"Huyo? Ananisaidia kuyeyusha nta tu. Mwaja! Waletee wageni maji."

"Abee, dada," Mwajabu akaitika, maana ndivyo alivyomwitikia dada yake tangu ajue kusema, ilhali yeye akimwita Zaituni, jibu ni "Nini tena?" Akaleta maji. Wageni walipoondoka akaosha brashi yake, akaisimamisha kwenye kopo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anakwenda Kilosa kwa shangazi, kwa basi la saa kumi, na kwamba harudi. Zaituni angeweza kusema neno moja tu la kumzuia. Badala yake alisema, "Mlango haujafungwa." Kisha akaenda kujitupa kitandani, na usingizi ukamchukua kabla machozi hayajapata njia.

Akajiona anatembea katika nchi nyeupe, nyeupe kama jora la pamba lililotandazwa halijaguswa na mtu, isiyo na mti wala kivuli, na mbali sana kuta zake zilikuwa za boksi. Hewa ilinukia kitu alichokijua: nta, karatasi mpya, na mfuko wa baba akirudi safari. Hakujua anakwenda wapi, lakini miguu ilikwenda, kwa wepesi ule wa ndotoni ambao mtu haulizi. Ndipo akasikia kikohozi chini ya goti lake, akainama, akamwona kibwana mmoja mweusi, mfupi, asiye na nguo ya karatasi hata kipande, kichwa kimelika upande.

"Mimi naitwa Kumbukumbu," akasema kibwana. "Ulinitumia kuandika jina lako kwenye kila ukuta wa nyumba ya baba yako, ndiyo maana nimebaki hivi. Silalamiki. Nifuate, lakini usinishike mkono, nachafua."

Akamfuata. Wakafika kwenye mji uliojaa kelele, ambao watu wake walikuwa warefu, wamevaa karatasi kiunoni, na kila mmoja akipita aliacha rangi yake chini na ukutani na kwenye nguo za mwenzake. Majivuno alikuwa mwekundu, naye alikuwa wa kwanza kumwona mgeni. "Mama yetu huyo!" akapaza sauti. "Fundi! Mpeni kiti!" Akapewa kiti, akakikalia, na tusidanganyane, alifurahi. Tamaa, bibi wa manjano mwenye mikono mirefu, akampaka dhahabu mabegani. Husuda wa kijani akaona wivu kwa ile dhahabu, akapaka juu yake. Majivuno akapaka juu ya Husuda. Wakaendelea hivyo wakisukumana na kusifu kazi zao wenyewe, mpaka Zaituni alipojitazama mkono akaukuta una rangi ya maji yaliyooshea masufuria.

"Sasa tabasamu," Majivuno akasema, "tukuchore uso."

Akatabasamu. Kisha Majivuno mwenyewe, aliyempa kiti, akaangua kicheko, na wote wakaanza kuimba, "Kibogoyo! Kibogoyo!" Zaituni akapeleka ulimi mbele, na kweli, meno mawili ya juu hayakuwepo. Alikuwa tena na miaka minane, na mapengo yale yale yaliyomfanya mwaka mzima azungumze kiganja kikiwa mdomoni. Akaruka kutoka kitini akakimbia, mdomo ameufunika, akapita kuta za mwisho za mji mpaka pasipokuwa na rangi yoyote.

Pale pakawa weupe mtupu, chini na juu, na akaogopa kuinua mguu, kwa kuwa hakuona ardhi inaishia wapi. Lakini mguu ulikanyaga kitu. Mkono nao, ukipapasa, ukagusa kitu kama ukingo wa ngazi, laini, chenye utelezi kidogo. Kumbukumbu alikuwa amemfikia, anahema.

"Huku hukupenda kuja," akasema. "Unaukumbuka mgawo?"

Akaukumbuka, wala hakuweza kufanya vingine, kwa sababu aliyeuliza alikuwa Kumbukumbu mwenyewe. Baba alileta paketi ya krayoni, zile kalamu za nta, sita kwa watoto wawili. Zaituni ndiye mkubwa, akagawa. Tano akazishika yeye, na ile nyeupe, ambayo alishaijaribu kwenye karatasi akaona haitoi kitu, akampa Mwajabu wa miaka mitano. "Hii ni ya pekee," akamwambia, "haina mwenzake." Mtoto akaamini. Akashinda kutwa amelala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, anachora. Jioni akaja na karatasi yake.

"Dada, nimekuchora. Nimekupa na meno."

Wenzake Zaituni walikuwepo, wakacheka. Kusikia neno meno mbele ya watu kulimtosha. Aliiangalia karatasi, haikuwa na kitu. Akaona anafanyiwa kejeli na kitoto. Akaifinyanga, akaitupa. "Ipo, dada, angalia vizuri," Mwajabu akawa anasema, na hakulia, akabaki anaangalia pale ilipoangukia. Mama ndiye aliyeiokota.

"Nilikuwa mtoto," Zaituni akasema.

"Asubuhi ya leo je?" Kumbukumbu akauliza, wala hakuuliza kwa ukali.

Zaituni akaona aibu hadi masikioni, ile aibu ya mtu mzima isiyo na pa kujificha. Na katika kuinamisha uso ndipo akamwona mwanamke ameketi kwenye ule weupe, mweupe naye, hivi kwamba alionekana kwa kutikisika tu, kama mvuke juu ya chungu. Zaituni alidhani angemkuta mrefu, na karatasi yake nzima, kama walivyo wasiotumiwa. Kumbe alikuwa mfupi kuliko Kumbukumbu. Alikuwa amekwisha kabisa, amebaki kidole.

"Naitwa Hisani," yule akasema.

"Nani kakutumia hivi?"

"Yule aliyepewa mimi. Alinitumia siku ile moja, na kwa namna nyingine ananitumia hadi leo. Ngazi uliyoishika ni yangu. Ulipokanyaga ukadhani utaanguka, hukuanguka."

"Mbona siioni kazi yako?"

"Peke yangu sionekani, mwanangu, na sioni haya kulisema. Mimi hutangulia, nikashika nafasi. Anayekuja baada yangu na rangi yake ndiye anayenidhihirisha, akitaka. Na bila mimi yeye ni beseni la maji ya bluu." Alisema hivyo taratibu, akichagua neno. "Rangi unayo. Kilichokosekana ni kuimwaga juu ya kile ulichokitupa."

Upepo ukaja na wingu la bluu, bluu ile ile ya beseni la uani. Tone la kwanza likaanguka miguuni pa Zaituni likatambaa, na kwenye ule weupe mstari ukaanza kutokea, umepinda, kama ukingo wa mdomo. Akapiga magoti ili aone ni mdomo wa nani. Tone la pili likaning'inia, halianguki. Akalisubiri. Ndipo sauti kavu ikapasua mbingu, zzzip, akafumbua macho.

Ilikuwa zipu ya begi chumba cha pili. Kisha malapa, kisha geti.

Zaituni alikaa kitandani akiwa na ladha ya nta mdomoni. Halafu akasimama, akavuta kiti mpaka kwenye kabati, akalishusha kopo la biskuti ambamo marehemu mama alihifadhi vyeti vyao. Alijua kilichopo chini ya vyeti. Mara mbili alitaka kuitupa karatasi ile tupu, iliyokunjamana, akazuiwa na mwandiko wa mama nyuma: Mwajabu, miaka 5. Miaka kumi na sita sasa analoweka vitambaa vyenye nta ya Mwajabu, kila siku ya Mungu, na hata siku moja haikumpitia akilini kwamba krayoni ni nta!

Akaikimbiza uani. Akachovya kiganja kwenye beseni, akapitisha juu ya karatasi polepole. Rangi ikaingia kwenye mikunjo ya siku ile alipoifinyanga, ikasambaa, na mahali pengine ikakataa kuingia. Akatokea msichana, karatasi nzima yeye peke yake, mikono kama mafagio, na mkononi fimbo tano, zile krayoni zake. Mdomo ulikuwa umefunguka sikio hadi sikio, na ndani yake meno, meno mengi, makubwa kama punje za mahindi, yamekandamizwa kwa nguvu zote za mtoto wa miaka mitano. Katika paketi nzima, krayoni ya rangi ya meno ilikuwa hiyo moja. Mtoto aliiona thamani yake siku ile ile, akaitumia yote kwa dada yake. Zaituni alilia pale uani kwa sauti, bila kujali majirani.

Alimkuta Mwajabu njia panda, begi miguuni. Hakujua aanze vipi, akaiinua tu karatasi, inachuruzika.

"Mwaja, nimeyaona meno."

Mwajabu aliigusa kwa kidole. "Nilikwambia uangalie vizuri."

"Uliniambia."

"Ukaitupa."

"Niliitupa. Na leo nimekuficha mbele ya watu, na leo meno ninayo yote." Akatoa simu kwa vidole vya bluu, akampigia pale pale yule mama mwenye miwani, kwa namba aliyoiacha asubuhi. "Mama, ni Zaituni wa batiki. Asubuhi nilikudanganya. Mafundi tuko wawili. Anayechora ni mdogo wangu, Mwajabu Mrisho. Ndiyo. Mwandike yeye kwanza."

Mwajabu akasogea. Aliichukua karatasi kwa pembe mbili, akaipepea ikauke, na basi likaja. Akabeba begi lake.

"Unakwenda tu?"

"Shangazi ameshanipikia, dada."

Akapanda. Zaituni akabaki kando ya barabara, mikono bluu hadi viwikoni, anatazama dirisha moja baada ya jingine. Basi likaanza kujongea.

"Dada Zai!"

"Abee!" Lilimtoka lenyewe, neno ambalo hakuwahi kumpa mdogo wake, na akakimbia hatua chache kando ya basi ili asikie anaitiwa nini.

"Nta yangu usiiguse! Jumatatu nakuja kuiyeyusha mwenyewe."