Maji ya Chupa ya Chai

Baba yangu alikuwa Mkristo kwa muda usiotosha hata kumaliza kusuka kichwa kimoja. Wazee wa kanisa wanasema hata huo muda hakuupata. Kwao alikufa kama alivyoishi, fundi rangi mwenye mdomo mchafu, na mimi binti yake nikaongeza kosa juu ya msiba.

Mimi ni msusi. Saluni si yangu. Ina viti vitatu na sinki moja, na siku nyingi kazi yangu ni kuosha vichwa kabla mwenye saluni hajashika kitana. Wakati baba anaugua nilikuwa katika darasa la ubatizo. Kila Jumamosi jioni tulikaa chumba cha nyuma ya kanisa, mwalimu anauliza, sisi tunajibu. Sikuingia darasani kwa ndoto wala kwa muujiza. Mama alipofariki, wanawake wa kanisa lile walikuja nyumbani kwetu, wakaosha vyombo, wakalala sakafuni pamoja nasi, na hakuna aliyeuliza kama sisi ni wa kwao. Nikasema moyoni, hawa ndio watu ninaotaka kuwa mmoja wao.

Baba alinicheka. "Mama," aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo, "ukishaokoka utaacha kuniibia sabuni?" Nikirudi kutoka darasani ananiuliza, "Leo mmefundishwa nini? Kununa?" Dada yake, yaani shangazi yangu, ni kiongozi wa kina mama kanisani, na hakuona cha kuchekesha. Kila alipokuja alimtajia moto wa milele. Baba akamjibu, "Dada, nimeshinda juani juu ya ngazi maisha yangu yote. Huo moto nitauzoea."

Kisha kifua kikamshinda. Vumbi la kukwangua kuta na moshi wa rangi za miaka yote vilikuwa vimejikusanya humo, na daktari alituambia pale wodini, bila kuzunguka, kwamba mgonjwa harudi nyumbani.

Mchana wa siku yake ya mwisho tulikuwa naye mimi na shangazi. Kitanda cha jirani alilala dereva wa lori aliyevunjika mguu, mtu wa dini nyingine, ambaye yeye na baba walikuwa wakibishana juu ya kila kitu, kuanzia mpira mpaka bei ya matairi. Siku hiyo hawakubishana. Baba alikuwa amekodolea macho dari.

"Dari la kanisa lenu nimelipaka mara mbili," alisema.

"Najua, baba."

"Unalala chali kwenye jukwaa, rangi inakudondokea usoni. Nikichoka nageuka, natazama viti huko chini. Kuna kimoja karibu na dirisha. Nikawa nasema, mimi ningekaa pale."

"Sasa mbona hukuja kukaa?"

Alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Hakuna aliyesema kaa. Shangazi yako amesema nitaungua. Kaa, hajasema."

Shangazi aligeukia ukuta. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa akifuta macho. Alipogeuka alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kaka, basi kaa."

"Haya. Mwite mwenye maji."

Shangazi akatoka mbio kwenda kumpigia simu mchungaji. Akachungulia mlangoni kusema mchungaji yuko kwenye maziko ya mtu mwingine, anakuja, na yeye anashuka kumngoja getini asije akapotea kwenye hizi wodi. Tukabaki. Nusu ya pumzi za baba zikawa haziendi popote. Nilimwita muuguzi, akaja, akaongeza hewa ya mashine, akanitazama, akaondoka polepole.

"Huyo mchungaji anakuja kwa punda?" baba akauliza.

"Yuko njiani."

"Mimi pia niko njiani. Na mimi nakimbia." Halafu akasema, "Wewe si unaosha watu vichwa kila siku?"

"Baba, mimi mwenyewe sijabatizwa."

"Kwa hiyo hujui?"

"Najua."

"Basi."

Bomba la wodi lilikuwa kavu tangu asubuhi. Nilikuwa na maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, ya kumezea dawa, na mgonjwa kama yule humwagii maji ya baridi hata kama yangekuwepo. Nikamtandikia taulo mgongoni. Nikapitisha mkono wa kushoto chini ya kisogo chake, vidole vimezuia masikio, kama ninavyomshika mteja mwenye shingo ngumu. Kichwa chake kilikuwa chepesi. Nikamuuliza yale tunayoulizwa darasani, kama anaacha uovu, kama anamwamini Kristo.

"Naamini," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, "Na matusi naacha. Pumzi yenyewe ya kuyatukana sina."

Nikamimina kwa kifuniko cha chupa, mara tatu, nikitaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Kutoka kitanda cha pili dereva alisema, "Amina," kwa adabu, kama mtu anayepokea salamu ya nyumba ya jirani. Nikamfuta baba uso. Alikuwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mikunjo ya paji la uso ilikuwa imelegea.

Mchungaji na shangazi walipoingia, baba alikuwa ameshafunikwa shuka mpaka usoni. Mimi, mjinga mimi, niliwapokea kama mwenye furaha. "Amebatizwa," nikasema.

"Na nani?" mchungaji akauliza.

Nilipomjibu, shangazi alijishika kichwa akakaa chini, pale pale sakafuni.

Mchungaji si mtu mbaya, na ndiyo maana iliniuma. Kesho yake alikuja nyumbani, akala nasi, akanieleza taratibu. "Binti, siwezi kumzika kama mshirika. Hayumo." Basi tukamzika wenyewe, mafundi rangi wenzake na majirani, mvua ikinyunya. Kina mama wa kanisa walikuja, wale wale waliolala sakafuni kwetu, ila hawakuvaa sare zao, na hawakuimba, kwa sababu hairuhusiwi. Walisimama pembeni na miavuli. Shangazi alisimama nao. Udongo ulipoanza kuanguka nilimwona akiziba mdomo wake kwa kiganja, wimbo umemjaa na hana ruhusa ya kuutoa.

Siku ya ubatizo wa darasa letu ilipokaribia, niliitwa ofisi ya kanisa. Alikuwepo mchungaji, mwalimu wa darasa, mzee mkuu wa kanisa na shangazi. Dereva wa lori alikuwa ameruhusiwa hospitali, akasikia, akaja na magongo yake bila kualikwa. "Mimi si wa kwenu," alisema mlangoni, "lakini masikio yangu mazima. Yule mtu aliulizwa, akajibu." Wakamshukuru, wakampa kiti nje.

"Maji ya chupa ya chai," mzee mkuu alisema, kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.

"Bomba lilikuwa kavu, mzee."

"Nani alikupa mamlaka?"

"Baba yangu."

Mchungaji akainua mkono kuwatuliza. "Binti, angekuwa mshirika ndiye aliyemwaga maji, tungekaa tukajadili. Lakini wewe mwenyewe hujaingia. Unamfunguliaje mwenzako mlango wa nyumba ambayo hujaiingia?"

"Sikufungua, mchungaji. Nilimsukuma kidogo tu mgongoni."

Mwalimu wa darasa alitaka kucheka, akakohoa. Mzee mkuu hakucheka. Akaniambia walichokubaliana. Jumapili nisimame mbele ya watu, niseme nilikosea, niseme nilichofanya wodini hakikuwa ubatizo, niombe radhi. Baada ya hapo nitabatizwa na wenzangu siku ile ile, na habari itakuwa imekwisha. Gauni langu jeupe lilikuwa tayari. Nililishona mwenyewe, kwa mkono, na sikuwa nimewahi kutaka nguo yoyote namna ile.

Shangazi akanishika goti. "Mwanangu, sema tu yaishe. Kaka yangu kashaenda. Neno moja halitampunguzia kitu."

"Shangazi, ni wewe uliyemwambia akae."

Akaondoa mkono gotini kwangu.

"Mimi nikisema hakubatizwa," nikaendelea, "nani atabaki wa kusema alibatizwa? Dereva mmemweka nje. Baba hayupo. Nimebaki mimi peke yangu, na mnataka nimtoe kwa mdomo wangu ili niingie mimi."

Sijui kama Mungu aliyapokea maji yale. Watu hawa wamesoma, mimi sijasoma mambo hayo, na kuna siku naosha kichwa cha mteja huku nikifikiri kwamba huenda ni kweli hayumo. Lakini nilimuuliza, naye akajibu. Hilo silijui kwa kusoma.

Wenzangu walibatizwa. Nilienda kuwatazama, na gauni nikampa mmoja wao ambaye lake lilikuwa limembana. Bado nakwenda kila Jumapili. Nakaa benchi la mwisho, na meza ya Bwana inapoandaliwa nabaki nimekaa, watu wanapita magoti yangu kwenda mbele na kurudi, wengine wananiangalia, wengine wanaangalia viatu vyao. Shangazi hukaa na kina mama wenzake na hanitazami, ila akirudi kutoka mezani hupitisha mkono begani kwangu, haraka, kama anayetoa vumbi.

Mzee mkuu huja baada ya ibada. Kila mara ni yale yale, na hayasemi kwa ubaya, amechoka tu.

"Binti, bado?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado?"

"Mzee, nimekuambia. Siombi radhi, wala Jumapili ijayo sitaomba."