Masikio Madogo ya Binti

Tatizo la Binti lilikuwa masikio. Si kwamba hayasikii; yalisikia hata sufuria ya jirani ikifunuliwa. Yalikuwa madogo tu, matundu yake membamba kama ya mtoto wa miaka sita, na katika nyumba ya wakwe zake, kule Kabondo, masikio ya namna hiyo yalikuwa mkosi.

Simu ya nyumba ile ilikuwa moja, ya wifi yake Sara. Miezi mitano hivi iliyopita iliteleza ikatumbukia kwenye beseni la nguo, na ilipokauka ikawa haitoi sauti tena mpaka uichomeke écouteurs, zile nyaya zenye vichwa viwili vya kuingiza masikioni. Sara alikuwa na zake, ngumu, za plastiki, zenye vichwa vikubwa. Kwake zilikaa sawasawa. Kwa Binti zilianguka kabla hajavuta pumzi, na akizishindilia kwa kidole zilimuumiza na kumpa mvumo kama wa maji yanayochemka.

“Weye, Mungu alikupatia masikio ya panya,” Sara alimwambia huku akicheka. “Lete. Nitasikiliza miye, halafu nitakuelezea.”

Wa kusikilizwa alikuwa Zakaria, mume wa Binti, fundi seremala. Alikuwa mbali porini, kule Yahuma, huu ukiwa mwezi wa saba tangu aondoke, akitengeneza madawati ya shule. Pale kazini kwake hapakuwa na mtandao. Kila Jumapili alipanda pikipiki hadi mahali penye mtandao, akatuma salamu zake kwa sauti, maana yeye na kalamu hawakupatana tangu utoto.

Tena kulikuwa na desturi. Koko, mama yake Zakaria, alikuwa wa ukoo wa Wangwana, Waislamu wa zamani wa mji huu, na kwao salamu za msafiri hufunguliwa kwanza na mama mzazi. Bibi harusi hapokei maneno ya mumewe, wala hatumi yake, bila kupitia kwa mkwe, mpaka azae mtoto wa kwanza. Zamani zilikuwa barua, sasa ni simu. Ndoa ya Binti ilikuwa na mwaka na nusu, mtoto bado, na yeye hakuona ubaya wowote. Kwao Lubunga, ng'ambo ya mto, alilelewa kuheshimu wazee, akaheshimu.

Basi kila Jumapili jioni Sara aliketi kando ya kitanda cha Koko, waya masikioni, akitikisa kichwa, mhm, mhm. Kisha alimnong'oneza Koko, na Koko akamwita Binti.

“Bwana yako anakusalimia. Anasema kazi haiyaisha. Anasema uvumilie.”

“Mumwambie nimesikia, Koko. Mumwambie nikimaliza kuvumilia hapa nitaenda kuvumilia kwake,” Binti alisema, na wote watatu wakacheka.

Alimpenda Koko, na hilo lisemwe wazi, maana bila hilo mambo mengine yote hayana uzito. Miguu ya Koko ilikuwa imevimba, ngozi imekaza na kung'aa. Kila alasiri Binti alimchemshia maji ya chumvi, akamlowesha miguu, akaikanda kwa mawese toka kwenye vidole hadi magotini. “Mukono ya Sara iko ya kutwanga majani ya pondu,” Koko alikuwa akisema. “Yako iko ya kuponesha mutu.” Majirani walioona walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Binti alipenda boga, akapenda na ua, na hakuna aliyemlazimisha.

Jumapili iliyopita Koko alifurahi kupita kiasi. Salamu ziliposikilizwa tu, aliamuru jogoo achinjwe, isomwe dua kwa ajili ya msafiri. Binti ndiye aliyemnyonyoa jogoo yule, akampika kwa mawese na pilipili, akawapakulia wazee wawili waliokuja kusoma. Walipoondoka, Koko alifanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika nyumba ile. Alichukua firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani ya Binti.

“Kula. Weye ni mutoto yangu ya tumbo.”

Binti aliila huku machozi yanamlenga. Ndipo tamaa ilipomwingia: kitu kilichomfurahisha Koko namna ile, alitaka kukisikia yeye mwenyewe. Hakushuku lolote. Alitaka sauti ya mumewe tu, hata akikohoa, akohoe ndani ya sikio lake. Alijua ni kuvunja desturi, lakini aliona ni kuivunja kidogo, kama kuonja mchuzi kabla ya wageni.

Ijumaa asubuhi alichukua pesa zake za kusuka nywele akaenda soko kuu. Meza aliyosimama mbele yake ilikuwa ya mwanamke mmoja aitwaye Chance, kucha nyekundu, sauti kavu, ambaye alikuwa ametandaza chaja, vioo vya simu na nyaya za kila rangi.

“Chukua hizi, Maman,” Chance alisema, akimwonyesha zile kubwa za kuvaa kichwani. “Hizi hazichague sikio.”

“Na hii kitambaa? Nizivae juu yake kama taji?”

Chance aliutazama mtandio wake, akacheka. “Bon. Alors za ndani. Waya itapita chini ya kitambaa, hata imamu haone.”

“Za ndani zinaanguka. Masikio yangu iko kidogo sana. Nyumbani wananichekaka.”

“Nani amekudanganya? Shida haiko kwa sikio, iko kwa vipira.” Alipasua kifuko kisicho na jina lolote, écouteurs za bei ya chini, nakala ya nakala, akamwaga kiganjani vipira laini: vikubwa, vya kati, vidogo. “Watu wanaviacha mule ndani ya kifuko, wanatupa. Halafu wanalaumu Mungu.”

Walianza na vikubwa, vikaanguka. Vya kati vilishika, ila Binti alipofungua kinywa vilimbana mpaka kwenye taya. “Toa,” Chance akasema. “Kitu ya kuumiza kwa dakika moja, kwa saa moja itakuua.” Akavisha vile vidogo, vidogo kama punje za mahindi, akamfundisha. “Vuta sikio juu, halafu nyuma. Ingiza pole pole, zungusha kidogo. Usisukume. Sikio haipendi nguvu.”

Binti alivuta, akaingiza, akazungusha. Soko likazimika. Midomo ya Chance ilikuwa ikienda lakini hakuna neno lililotoka. Ikaja rumba fulani kutoka kwenye simu ya biashara, na Binti akasikia hata kidole cha mpiga gitaa kikikwaruza uzi. Chance alimwashiria atafune, acheke, ainame kama anayefagia. Hazikutikisika. Hazikuuma popote. Alicheka peke yake katikati ya soko, watu wakamtazama.

“Utasikiliza nini?” Chance aliuliza wakati akipokea pesa. “Muziki?”

“Bwana yangu.”

“Ah. Muziki njo nzuri zaidi, Maman.”

Saa tisa alasiri nyumba ilikuwa imetulia. Koko alikuwa amelala. Sara alikuwa nyuma ya nyumba akikaanga mikate ya kuuza, na simu yake ilikuwa sebuleni ikipata umeme. Alama ya kuifungua hata watoto wake waliijua. Binti aliichukua, akaingia chumbani kwake, akashusha pazia. Alivaa écouteurs kama alivyofundishwa, akapandisha mazungumzo ya Zakaria mpaka pale simu ilipoharibika. Hakuna kilichokuwa kimefutwa. Nani angejisumbua kufuta kitu ambacho hakuna mwingine wa kukisikia?

“Binti, ni miye.”

Alifumba macho. Ilikuwa ni sauti ileile, yenye mkwaruzo kidogo wa vumbi la mbao.

“Binti, nimepata nyumba. Vyumba mbili, na kisima iko karibu. Kazi itachukua miaka mbili, siwezi kukaa bila weye. Panda boti ya baleinière, ushuke Isangi. Tarehe kumi nitakuwa pale na pikipiki nikungojee.”

Binti alitabasamu. Alikuwa ameshaanza kuhesabu nguo za kufunga, kweli kabisa, mkono ukiwa kifuani. Kisha akaitazama tarehe. Ilikuwa ya miezi mitano iliyopita.

Aligusa iliyofuata.

“Binti, nilingoja Isangi siku ine. Boti tatu zilifika, niliangalia kila mutu. Uko mugonjwa? Sara, muniambie, eko mugonjwa?”

Iliyofuata ilikuwa sauti ya Sara, kelele za watoto nyuma yake. “Kaka, haiko mugonjwa. Anasema hawezi kuishi kwa pori. Anasema yeye ni mutoto ya mujini.”

“Mupatie simu aseme yeye mwenyewe.”

“Anakataa hata kuishika, kaka. Nitafanya nini?”

Zikafuatana hivyo, Jumapili baada ya Jumapili. Zakaria akisihi, Zakaria akikasirika, Zakaria akiuliza amemkosea nini. Binti alikumbuka Jumapili hizo. Alikuwa amesimama palepale kando ya kitanda, hatua mbili tu, kitambaa cha kufutia miguu mkononi, akiambiwa uvumilie. Na yale maneno aliyoyatuma yeye, mumwambie nimesikia, mumwambie namwombea, hayakuwamo. Hata moja.

Kisha ikaja sauti nzito, iliyochoka. Sauti iliyomwita mwanangu asubuhi ileile.

“Zakaria, mutoto yangu, usijisumbue na mwanamuke ule. Wanawake hawakosekane. Oa kule kule. Huyu niachie miye. Miguu yangu imezoea mukono yake.”

Binti aliirudia mara tatu. Vipira vile vilikuwa vimekaa vizuri mno; hakuna neno lililopotea, hata pumzi ya Koko kati ya sentensi moja na nyingine aliisikia. Angetamani ule mvumo wa maji yanayochemka.

Ya mwisho ilikuwa ya Jumapili iliyopita. “Mama, jana tumefunga ndoa. Muchinje kuku, musome dua kwa ajili yetu. Na Binti, mumwambie sina kinyongo.”

Jogoo. Alikumbuka manyoya yakimganda vidoleni. Alikuwa amepika karamu ya mumewe kuoa mke mwingine, akawapakulia waliokuja kumwombea baraka, na akalipwa firigisi. Ilimpanda kooni kana kwamba aliila jana. Alimchukia Sara, akamchukia Zakaria naye, aliyeweza kwenda hadi Isangi lakini akashindwa kupanda boti kuja kumwuliza uso kwa uso. Lakini hao wawili aliweza kuwachukia na kupumua. Koko ndiye aliyemkata pumzi. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye nguo hiyo alikuwa akiifua kila siku.

Alibonyeza kitufe cha kurekodi.

“Zakaria, ni miye, Binti. Hakuna siku waliniambia unaniita. Leo njo nimesikia.” Akaituma. Jumapili ataisikia, na afanye nayo atakalo.

“Binti!” Koko aliita ng'ambo ya pazia. “Mwanangu, maji yangu iko wapi?”

Alichemsha maji. Alitia chumvi kama kawaida, akaleta beseni, akaiweka miguu ile ndani yake mmoja mmoja. Kisha akatoa kile kifuko mfukoni, akavua vipira vidogo kwenye écouteurs, akavisha vikubwa.

“Hiyo ni nini?” Koko aliuliza.

“Muziki, Koko. Nilikununulia.”

Koko alifurahi, akainamisha kichwa kama mtoto anayesukwa. Binti alivuta sikio la mzee juu, kisha nyuma, akaingiza pole pole, akazungusha. Akafanya la pili. Zilikaa. Halafu akagusa simu.

Alimtazama usoni muda wote. Aliona tabasamu likingoja ngoma, kisha macho yakitafuta, kisha yakisimama. Koko aliisikia sauti yake mwenyewe mpaka mwisho, mpaka kwenye miguu yangu imezoea mukono yake. Sara alikuwa ametokea mlangoni na unga hadi viwikoni. Aliuona waya, akaiona simu yake, hakupiga hatua nyingine.

Binti alizitoa écouteurs masikioni mwa mzee taratibu, bila kumwumiza.

“Nilikuwa ninakupenda, Koko,” alisema. “Si kwa sababu ya Zakaria. Nilikupenda weye.”

Koko aliutazama mguu wake ndani ya maji. Alipofungua kinywa, Binti alingoja neno moja tu, na kama lingetoka, labda hata sasa angekuwa bado amepiga magoti pale.

“Nilikupatia hata firigisi,” Koko alisema. “Na nani atanikanda?”

Binti akasimama. Alivua vipira vikubwa, akaviacha mkekani kando ya beseni, akavisha vyake vidogo. Chumbani alichukua kanga mbili na cheti cha ndoa, akafunga kifurushi. Alipopita tena sebuleni Sara alimshika mkono, Koko akaanza kulia kwa sauti, na jirani mmoja akachungulia dirishani. Kabla hawajamwambia lolote, Binti alivuta sikio juu, kisha nyuma, akazungusha, la kulia na la kushoto. Waya ulining'inia chini ya mtandio, haukuchomekwa popote.

Alishika njia ya kivukoni, kwenda Lubunga kwa wazazi wake. Kwenye kona aligeuka mara moja. Sara alikuwa barabarani, anapunga mikono yenye unga, na Koko alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, miguu inachuruzika maji. Midomo yao ilikuwa ikienda, na Binti hakusikia kitu.