Maziwa ya Shemeji

Mtoto alitapika siku mbili mfululizo, ya tatu akalazwa, dripu mkononi. Daktari alimuuliza mama yake, fundi cherehani, mtoto alikula nini. Maziwa ya pakiti tu, akajibu, ya dukani kwa shemeji.

Asubuhi alitoka hospitali akabadilishe nguo, lakini miguu ilimpeleka dukani. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa anapima sukari. Akampa pole na kumuuliza hali ya mgonjwa. Fundi alizunguka kaunta, akafungua friji. Joto likampiga usoni. Waya ulikuwa umeviringishwa juu yake, umeshika vumbi. Ndani, pakiti za maziwa zilikuwa zimevimba, na chini ya rafu mavi ya panya yametapakaa kama mbegu. Akageuza pakiti moja. Pale penye tarehe palikuwa pamesuguliwa mpaka peupe.

"Shemeji, tarehe zimeenda wapi?"

Shemeji alianza kueleza kwamba umeme umekuwa ghali, kwamba maduka yote hufanya hivyo na hakuna aliyekufa. Alipoona wateja wawili mlangoni, akashusha sauti.

"Mambo ya familia tukayamalize nyumbani."

"Mwanangu hajalazwa nyumbani," fundi akasema.

Alitia pakiti tatu kwenye mkoba. Zilizobaki alizibeba hadi kibarazani, akazipasua moja baada ya nyingine na kuzimwaga mtaroni, wateja wakiziba pua. Shemeji alimkamata mkono. Fundi alimkazia macho mpaka akamwachia.

Akiwa njiani kwenda kwa bwana afya, mumewe alimpigia simu, akamsihi arudi, maana kaka yake ndiye aliyemlea.

"Basi njoo wodini umwambie mwanao hivyo," akasema, akakata simu.

Duka lilifungwa siku ileile. Mtoto alipona, ingawa alirudi nyumbani amebaki mifupa. Mama mkwe hakuja kumwona. Alituma maneno tu, kwamba fundi ameivua familia nguo.

Baada ya mwezi duka lilifunguliwa, limepakwa rangi, friji inanguruma. Majirani walirudi kununua pale, na mumewe pia. Fundi hununua maziwa mtaa wa tatu, kwa miguu. Akipita pale, shemeji humsalimia kwa adabu zote, naye hageuzi shingo. Watu humwambia yameisha, asamehe. Yeye huwauliza yameisha kwa nani.