Asmini Mia na Nane

Ua la Krishna halinuswi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa mtunga mashada na mama yake: harufu ya kwanza ni ya Mungu, na ua lililopita puani mwa mtu ni makombo. Miaka kumi na mmoja alitunga asmini kwenye baraza la hekalu, akiimba jina la Krishna, mpenzi wake, kila sindano ilipopita, uso kaugeuza pembeni asije akavuta pumzi vibaya.

Asubuhi moja akaja shemeji yake.

"Shemeji, nitungie shada la maua mia na nane. Leo Krishna anavaa la kwangu, watu wote wakiona."

"La kwako wewe?"

"Kwani mimi sina Mungu?"

Akamtazama. Mume wa dada yake huyu ndiye aliyemtoa mama yao nyumbani na kikohozi chake, eti kinawaamsha wageni. Mama alifia chumba cha kupanga, akiulizia dirisha lake la kule nyumbani.

"Keti, shemeji. Kazi nzuri haitaki haraka."

Shemeji akaketi, akampa mgongo, akawa anaalika watu kwa simu. Naye mtunga mashada akachukua ua la kwanza, akalileta puani, akavuta mpaka machozi yakamlengalenga. Hili la kikohozi. Akalitunga. La pili, la dirisha. Hakuruka hata moja, na kila alipovuta alisema moyoni: Krishna, umeona? Krishna, umeona?

Hekalu lilijaa. Shemeji kasimama mbele, kifua nje. Shada lilipokwisha kuikaa sanamu ya Krishna shingoni, mtunga mashada akainuka.

"Kuhani, hayo maua nimeyanusa."

"Lipi?"

"Yote."

"Muongo!" shemeji akafoka. "Wivu tu unamsumbua!"

"La arobaini na tatu lilikuwa na mdudu, shemeji. Mpaka sasa napiga chafya."

Mtu akacheka kule nyuma. Kuhani hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilivua shada, akamrudishia mwenyewe.

"Mungu hapewi makombo, bwana. Nenda nalo nyumbani."

"Aende nalo," mtunga mashada akadakia. "Akawavishe wageni wake."

Shemeji akatoka na shada likining'inia mkononi kama kamba ya mbuzi aliyetoroka. Dada mtu akamfuata, macho chini.

Ilikuwa tamu. Mtunga mashada aliionja polepole, mpaka alipoinua uso. Krishna alisimama na filimbi yake, shingo tupu. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwona hivyo. Kisasi kilimpata shemeji, lakini aliyevuliwa mbele za watu alikuwa mpenzi wake.

"Wewe nisamehe," akamnong'oneza. "Yeye simsamehe."

Akarudi barazani, akatia uzi kwenye sindano, akageuza uso pembeni.